Usukani wa Sina Haraka

Mzee Yakobo alipotoa kisu kidogo mfukoni mwa koti lake, Anyes alijua kwamba siri ya marehemu baba yake imebakiza dakika mbili za kuishi. Alikuwa amesimama kando ya gereji na birika la chai mkononi, chai ya kumkirimu mgeni, na ghafla birika likawa zito kama nanga.

Gereji yenyewe ilikuwa miti sita na mabati manane, pale Mbugani, mjini Kyela. Chini ya mabati hayo lilisimama Bedford la pua ndefu ambalo wilaya nzima ililijua kwa jina lililoandikwa juu ya kioo cha mbele: SINA HARAKA. Enzi za ushirika lilibeba mpunga wa watu wote. Ushirika ulipolala chali, likapigwa mnada pamoja na viti na mihuri, akalinunua Bwana Clemence, ofisa mstaafu aliyeletwa Kyela kikazi kutoka Bukoba akasahau kurudi kwao. Kwa miaka mitatu kuku wake walilitagia mayai. Kisha biashara ikafunguliwa, kila mtu akawa anauza na kununua chochote, na kampuni moja ya chai kule Rungwe ikatangaza kwamba inatafuta lori kuukuu la kuongoza maandamano ya jubilei yake. Hayo ndiyo maajabu ya soko huria: jana ulikuwa banda la kuku, leo una mkaguzi.

Sharti la kampuni lilikuwa moja. Kila kiungo kiwe kile ambacho lori lilizaliwa nacho. Kwa miezi minane Hezroni, mumewe Anyes, alikuwa amelifufua mfupa kwa mfupa, na Jumatano hii mkaguzi, Mzee Yakobo, alikuwa amepitia pua, taa, milango na namba ya injini, kote akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ulikuwa umebaki usukani tu. Ulikuwa umefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, vikashonwa kwa uzi wa nyavu, mshono mzuri kama wa kikapu.

"Nani aliuvika nguo huu?" akauliza Mzee Yakobo.

"Niliukuta hivyo hivyo, mzee," akajibu Hezroni. "Nikaona mshono wenyewe umetulia, nikauacha."

"Bibi arusi hakaguliwi na shela usoni, bwana fundi."

Kisu kikapita. Mpira ukaanguka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Mzee Yakobo akausogelea usukani, akauinamia, akafungua kitabu chake cha picha, akakifunga. Akaomba spana, akafungua nati ya katikati, akauvuta. Ulitoka kirahisi mno. Pamoja nao kikadondoka kipande cha bati la kopo la maziwa, kimekunjwa kama sigara.

"Tundu lake pana," alisema taratibu. "Meno ya ndani hayashiki meno ya shafti. Mtu amejazia bati. Huu ni wa lori jingine kabisa." Akamgeukia Hezroni. "Wa asili uko wapi?"

Hezroni akakiokota kile kipande cha bati, akakigeuza geuza. Bwana Clemence, ambaye hata chumvi aliiomba kwa Kiswahili cha barua ya serikali, akapiga hatua mbele.

"Napenda ifahamike mbele ya mashahidi," alisema, na mashahidi walikwisha kujaa, kwa kuwa Mbugani hakuna kitu kinachokusanya watu haraka kama aibu ya jirani, "kwamba fundi huyu ameuza usukani wangu ng'ambo ya mto Songwe, na badala yake akanishonea uchafu huu!"

"Bwana Clemence, haki ya Mungu—"

"Mungu asihusishwe. Jumamosi, saa sita kamili mchana. Usukani wangu, au polisi."

Mzee Yakobo akasema kwamba yeye anavuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, kwa siku mbili, na Jumamosi atapita hapa akirudi. Bila usukani wake, lori halichukuliwi. "Hatuwezi kufanya jubilei na mtu mwenye mguu wa kuazima," alisema, bila ubaya.

Bwana Clemence hakuridhika na maneno. Aliita mkokoteni, akapakia sanduku la vifaa la Hezroni, spana, tupa, nyundo na vyote, akaondoka nalo kama dhamana. Hezroni akabaki amesimama mikono mitupu. Anyes akatazama birika. Chai ilikuwa imepoa.

*

Kurudi nyumbani ni lazima upite kibanda cha Stella, muuza mafuta ya taa na umbea, na umbea wake ndio uliokuwa wa jumla. Walipokaribia, Stella alimpigia kelele mteja wake kwa sauti ya kusikika hadi sokoni:

"We kaka, ishikilie baiskeli yako hiyo! Nayo ina usukani!"

Watu wakacheka. Hezroni akainamisha kichwa. Siku nyingine Anyes angemjibu Stella jibu la kumfanya afunge duka, maana mdomo huo alikuwa nao tangu utotoni. Lakini leo mdomo wake ulikuwa na deni jingine.

Walipofika ndani alifunga mlango, akamkalisha mumewe kwenye kigoda.

"Baba Davidi, ule mshono wa mpira niliushona mimi."

Hezroni akamtazama.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alinipa sindano ya kushonea nyavu, akaniambia, shona, na usimwambie mtu."

Baba yake, Angetile, ndiye aliyekuwa dereva wa Sina Haraka. Miaka ile vipuri havikuwepo hata kwa dawa, na lori likilala nje na usukani wake linaamkia Malawi. Kwa hiyo kila dereva wa ushirika, jioni ikifika, alifungua nati akachomoa usukani, akaenda nao nyumbani kulala nao chumba kimoja. Anyes ndiye aliyetumwa kuubeba. Aliuweka kichwani kama ndoo, mikono mitupu, akatembea nao kutoka bohari hadi kwao, kila siku ya Mungu kwa miaka minne.

"Sasa mwaka sabini na tisa ukatokea msiba Talatala, wa dereva mwenzao. Malori sita yalileta waombolezaji. Sukani sita zikawekwa chini ya kitanda cha marehemu. Alfajiri watu wakaanza kuondoka. Baba alipokwenda kuchukua wake alikuta umebaki mmoja tu, na si wake. Angefanya nini? Angeanza kupekua watu msibani? Akauchukua, akajazia bati, akaja nao mwendo wa konokono. Kesho yake tukasikia Mzee Lugano wa Matema analia kwamba ameibiwa usukani, kafika kwake akikata kona kwa spana ya bomba. Wilaya nzima ilimcheka. Baba akaogopa. Akasema, nikijitokeza sasa, mwizi ni mimi. Ndipo tukauvika mpira."

Hezroni akajipiga gotini kwa kiganja.

"Kwa hiyo miezi minane natafuta vipuri hadi chini ya mawe, kumbe nalala na ushahidi kitanda kimoja!"

"Niliahidi, baba Davidi. Baba alifariki akiwa ameshika mkono wangu, na neno la mwisho la maana alilosema ni hilo."

"Na ukiyasema haya, wataambiana Angetile alikuwa mwizi. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa."

"Marehemu hafungwi," akasema Anyes. "Wewe unafungwa."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Hezroni, ambaye ufundi ulikuwa umemfundisha kwamba nati ikibaki mkononi basi kuna mahali inakosekana, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Malori sita, sukani sita. Wa Lugano alikuwa nao baba yako. Wa baba yako, je?"

"Waliobaki wanne hawakulalamika. Kila mmoja aliondoka na wake."

"Basi amebaki mmoja tu wa kuwa nao." Hezroni akainuka. "Huyo huyo aliyelia kwamba ameibiwa!"

*

Ijumaa asubuhi Anyes alifika Matema, ule usukani uliojaziwa bati umefungwa ndani ya kanga. Wakisi, wafinyanzi wa pwani ile ya ziwa, walikuwa wameanza kushusha vyungu kwa ajili ya soko la kesho, wakivipanga mchangani chini ya milima, na mwanamke mmoja mfinyanzi akamwonyesha nyumba ya Mzee Lugano kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Jina lake Veronika. "Mume wangu yuko uani," alisema. "Mpigie kelele, sikio moja limestaafu."

Mzee Lugano alikuwa anatengeneza mzinga wa nyuki. Anyes akapiga goti, akamwamkia kama baba yake, kwa lugha ya kwao.

"Mugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu. Nani wewe?"

"Anyes. Wa Angetile."

Nyundo ikasimama hewani. Mzee akaitazama, akaishusha.

"Angetile wa Sina Haraka? Mimi na baba yako hatukuwa na neno. Mimi niliibiwa tu, basi. Sijamtaja mtu."

Njiani Anyes alikuwa amepanga maneno makali. Angemwambia mzee huyu kwamba ni mwongo, na mume wa mtu yuko karibu kufungwa kwa ajili ya uongo wake. Lakini alipomwona anavyoikodolea macho ile nyundo, alijua kwamba kwa ukali huo atarudi na kanga tupu. Akaifungua kanga, akauweka usukani mapajani pa mzee.

Lugano akaugusa. Dole gumba lake lilikwenda lenyewe hadi kwenye alama nyeusi ya kuungua, pale alipozoea kuegesha kiko chake akishuka mteremko wa Bujesi, likatulia hapo.

"Baba ndiye aliyekuwa nao," alisema Anyes. "Aliuchukua kwa kukosa mwingine, akaogopa kusema. Amekufa nao moyoni. Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yake, tata. Utusamehe."

Miaka kumi na minne watu wawili walikuwa wamesubiriana kusikia neno hilo, kila mmoja akidhani ni zamu ya mwenzake. Mzee Lugano akakohoa. Akakohoa tena, na kikohozi hicho hakikuwa cha kifua.

"Siku ile nilikuwa nimelewa," alisema hatimaye. "Nilichukua wa kwanza niliougusa gizani. Nikaujaribu, haukuingia, tundu dogo. Nikasema ngoja nilale kidogo garini, nyuma ya migomba nilikoliegesha, halafu nirudi kubadilisha. Nilipoamka jua liko utosini, malori yote yameondoka. Ningewaambia nini watu? Kwamba dereva wa daraja la kwanza hajui usukani wake? Nikasema nimeibiwa. Uongo ukishautolea sauti, mwanangu, unaulea kama mtoto."

"Uko wapi, tata?"

Hapo mzee akageuka geuka. Akamwongoza hadi ghalani, akashusha sukani tatu zilizojaa vumbi, zote kuukuu, zote nyeusi. "Umo humu," alisema haraka, akitupia jicho nyumbani. "Chagua."

Anyes hakutazama namba wala mikwaruzo. Alifumba macho, akauweka wa kwanza kichwani, akaachia mikono, akatembea. Mwepesi. Wa pili ulikaa sawasawa kama sahani, na kwa hiyo haukuwa wenyewe, kwa kuwa usukani wa Sina Haraka ulikuwa umejipinda kidogo na hulalia kushoto mpaka mmoja wa mikono yake ya chuma uelekezwe mbele. Wa tatu ulimchoma utosini mahali asipopajua.

"Hakuna hapa, tata."

"Angalia tena."

"Huyu mtoto ana mzani kichwani, unamsumbua nini?" Veronika alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu kuliko walivyodhani. "Usukani gani mnaoutafuta?"

Na wakati huo, nyuma ya bega la Veronika, Anyes akauona mtungi mkubwa wa maji kwenye kona ya veranda. Kitako chake kilikuwa cha mviringo, kama vyungu vyote vya Kikisi, na vyungu vya namna hiyo havisimami bila kata ya kukalia. Mtungi huu kata yake ilikuwa nene, nyeusi, yenye mikono.

"Mama," alisema Anyes, "ile kata ya mtungi umeipata wapi?"

"Ile? Zawadi. Bwana aliniletea kutoka Karonga, mwaka sabini na tisa. Alisema wanawake wa huko ndiyo fasheni yao."

Mzee Lugano alianza kuuchunguza mzinga wake kama vile hajawahi kuuona.

"Lugano," alisema Veronika polepole. "Miaka kumi na minne nawaringia wanawake wenzangu zawadi ya msibani?"

"Mama, nilikuwa nataka—"

"Shika mtungi huo. Na maji yakimwagika hata tone, leo unakwenda kuyateka wewe!"

Mtungi ukainuliwa. Anyes akautoa usukani, umejaa tope na ukoga, akauweka kichwani hivyo hivyo. Maji yakamchuruzika usoni. Ukalalia kushoto. Akaugeuza, mkono mmoja wa chuma ukaelekea mbele, nao ukatulia. Akaachia mikono, akatembea hatua kumi uani, akarudi, na alipofika maji yaliyokuwa mashavuni mwake hayakuwa ya mtungi peke yake.

"Ndio huu," alisema.

Veronika akautwaa usukani wa bati kutoka kwa mumewe, akautia chini ya mtungi, akaupima kwa jicho. "Huu unakaa vizuri zaidi," alisema. "Wewe mzee, tafuta koti lako. Kesho unakwenda Kyela kusema ulichosema hapa, na usiponong'ona utakuwa umenifurahisha."

*

Jumamosi, saa sita kasorobo, gereji ilikuwa imejaa kuliko kanisa. Stella alikuwa amefunga kibanda, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata Ijumaa Kuu. Bwana Clemence alikaa kwenye kiti alichokuja nacho. Mzee Yakobo akatelemka kwenye gari lake, akapangusa vumbi la mpakani Kasumulu, akauliza: "Haya, bwana fundi?"

Hezroni hakuwa na spana hata moja yake. Alikuwa ameazima moja kwa fundi baiskeli, na kuishika kwake mbele ya watu kulimuuma kuliko tusi. Anyes akampa usukani, umeoshwa kwa majivu hadi unang'aa.

"Kabla haujaingia," sauti kubwa ikasema, "nina neno."

Mzee Lugano akasogea mbele na koti lake la harusi. Akausimulia msiba wa Talatala kuanzia kitanda hadi spana ya bomba, bila kujipunguzia aibu hata robo kilo, mpaka watu wakashika mbavu. Kisha akanyoosha kidole.

"Mnasema kuna mwizi hapa. Mwizi hakuwepo. Kulikuwa na mlevi mmoja na mwoga mmoja. Mwoga ni Angetile, amefariki, Mungu amrehemu, alikuwa mtu safi. Mlevi ni mimi. Fundi huyu, siku ile alikuwa bado anachunga ndama."

Anyes akavuta pumzi. Jina la baba yake lilikuwa limetajwa hadharani, nalo halikuvunjika.

Hezroni akapanda. Akauweka usukani juu ya shafti, akausukuma kwa viganja viwili. Haukuhitaji nyundo, wala bati, wala sala. Uliteleza ukaingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Mzee Yakobo akautikisa, haukutikisika. Akaomba utolewe tena, akaingiza kidole tunduni, akayapapasa meno ya ndani yote hadi mwisho. "Hayajaguswa na tupa," alisema. Akaugeuza nyuma, akalinganisha namba na kitabu chake. Akakisoma mara mbili, kwa kuwa mkaguzi naye ana mkate wa kulinda.

"Ulizaliwa nao," alisema. "Lori limepita."

Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa kuku wa Bwana Clemence mafichoni. Mwenyewe akainuka, akajifunga kifungo cha koti.

"Napenda ifahamike," alisema, "kwamba kulitokea... kutoelewana."

"Hatujasikia nyuma huku!" akapaza sauti Stella, ambaye upepo ukigeuka hugeuka nao.

"Napenda ifahamike kwamba nilimkosea fundi. Naomba radhi." Akatazama chini. "Sanduku lako nitamtuma mtu alilete."

"La hasha, Bwana Clemence," akasema Anyes kwa adabu zote, ameinamisha goti kidogo. "Liliondoka hapa mbele ya mashahidi. Nao bado wapo. Si vizuri wakose mwisho."

Basi mstaafu akaenda, akarudi na sanduku begani mwake mwenyewe, jasho likimtoka, katikati ya njia ambayo watu walimwachia kwa heshima ya kutisha. Hezroni akalipokea kwa mikono miwili. Akalifungua, akazihesabu spana, kisha akampa mkono. Hakuwa mtu wa kinyongo, na kwa hilo mkewe alimpenda na pia alimkasirikia.

Mzee Yakobo alimvuta Anyes kando. "Mama, kule shambani tuna malori matatu na bohari lenye sukani kumi na tisa. Hakuna anayejua upi ni wa lipi. Fundi tunamtaka. Na wewe, je, kichwa chako kinaweza?"

"Kinaweza, mzee. Ila fundi ana bei yake, na kichwa kina bei yake. Msije mkatujumlisha."

Mzee Yakobo akacheka, akaandika kitabuni mistari miwili, bei mbili.

*

Lori lingechukuliwa Jumatatu. Saa kumi alasiri watu walipopungua, Hezroni alifunga sanduku lake akasema, "Twende, mama Davidi. Leo acha usukani ulale garini. Nani ataiba sasa, wilaya nzima inaujua?"

Anyes akamtazama kama mtu aliyependekeza mtoto alale nje.

Akachukua spana, ya kwao wenyewe, akafungua nati, akauchomoa. Akauweka kichwani, mkono mmoja wa usukani mbele, akaachia mikono. Akatoka nao gerejini akashika njia kuu ya Mbugani, akipita kwa waliocheka Jumatano na waliopiga vigelegele leo, na wengi walikuwa wale wale. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya miaka kumi na mmoja. Hezroni alimfuata nyuma na sanduku, akapunguza mwendo, akapunguza tena.

"Mama Davidi!" Stella alimwita kutoka kibandani. "Hongera, ndugu yangu! Lakini mbona unatembea polepole hivyo, kwani umechoka?"

Anyes hakugeuza kichwa, maana usukani haukubali.

"Sijachoka, shoga," alisema. "Sina haraka."